Mpira wa Pili Hauna Mwenyewe

Hakuna mshambuliaji aliyepita Singida akaondoka bila kuitwa mvivu. Awe mfupi au mrefu, mzawa au wa kutoka Ghana, afunge kumi au asifunge kabisa, ipo siku jukwaa litamgeukia: hajitumi, hakabi, anatembea, anakula mshahara wa bure. Nimeyasikia hayo Namfua. Nikayasikia tena uwanja huohuo ulipobadilishwa jina ukaitwa Liti, na sasa nayasikia Mtipa kwenye uwanja mpya wa Airtel. Wachezaji wamebadilika, timu zimebadilika, lawama imebaki ileile.

Ukiwa mrefu ndiyo umekwisha kabisa. Mfupi akikosa mpira wa juu anaonewa huruma. Mrefu akiukosa anazomewa, na hata akiupata, ukaangukia miguuni mwa wapinzani, anazomewa vilevile. Mimi naona tunamzomea asiye na kosa. Mwenye kosa tunamwacha anatembea mita ishirini nyuma yake, tena tunamshangilia kwa sababu anajua kupiga chenga.

Tulichukue tukio moja tulitazame kwa karibu, maana kwenye mechi moja linaweza kutokea mara thelathini. Kipa wetu amebanwa. Anaubutua mpira mrefu kuelekea mbele. Kama ni Agosti au Septemba, mwanzo wa msimu, kuna upepo. Mkoa huu umetajwa miaka nenda rudi kwenye mipango ya umeme wa upepo, na haukutajwa kwa bahati mbaya. Mpira unapanda, unasita hewani, unarudi nyuma kidogo. Namba tisa wetu alishasimama mahali pake na sasa inabidi apige hatua tatu kuufuata. Beki ameshamwekea kiwiko mgongoni na mkono mwingine kiunoni. Anaruka hivyohivyo, anaupata kwa upande wa kichwa, mpira unadondoka mita saba au nane mbele yake, kulia kidogo.

Sasa acha kumtazama aliyeruka. Tazama pale mpira ulipodondoka. Yupo kiungo wa wapinzani peke yake, anautuliza kifuani bila bughudha, anageuka na kuondoka nao. Viungo wetu wawili wako karibu na duara la kati wakisubiri kuona kama kichwa kitapigwa. Winga wetu amenyoosha mkono akilalamika kwamba hakupewa. Na jukwaa zima linapiga kelele: "Mtoeni huyo mrefu!"

Nimewahi kukaa kwenye kibanda umiza kimoja jirani na Misuna, mechi ikiwa ya ugenini, nikawasikiliza dalali wa vitunguu na mwalimu mstaafu wakibishana juu ya jambo hilihili. Dalali alikuwa na mkeka wake wa kubeti mkononi, simu ikiwa na asilimia chache za chaji, hasira nyingi.

"Mwalimu, huyu mtu wako ana urefu wa bure."

"Kijana wangu, mpira ameupiga kichwa au hajaupiga?"

"Ameupiga."

"Umekwenda wapi?"

"Kwa adui."

"Pale ulipoangukia alikuwepo nani wa kwetu?"

Dalali akatazama kioo kana kwamba wangerudia tukio kwa ajili yake. "Hakuwepo mtu."

"Basi ulitaka aupige kichwa halafu aukimbilie mwenyewe?"

"Mimi ninachojua kaletwa afunge, Mwalimu. Hajaletwa kupiga vichwa."

Kibanda kizima kilikuwa upande wa dalali, na siwalaumu. Hoja yake ina uzito, na ina historia hapa kwetu. Singida haijapata nafasi ya kukaa na mshambuliaji mmoja mpaka ikamjua. Singida United iliingia Ligi Kuu msimu wa 2017/18, kocha akiwa Hans van der Pluijm, ikamaliza ya tano na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, ambako Mtibwa Sugar waliifunga 3-2 pale Arusha. Miaka miwili baadaye ikashuka. Mwaka 2022 wakaja Singida Big Stars, Pluijm yuleyule akiwa kocha, wakamaliza wa nne. Mwaka uliofuata jina likawa Singida Fountain Gate. Baada ya hapo timu ikaondoka, ikabaki Fountain Gate tupu, ikahamia Babati. Iliyokuwa Ihefu ya Mbarali ndiyo ikahamia kwetu, na mwaka 2024 ikawa Singida Black Stars. Shabiki ambaye timu yenyewe haikai atapata wapi subira ya kumsubiri mshambuliaji azoeane na viungo wake? Anamhesabia mabao kama mwenye duka anavyohesabu mauzo ya siku, maana hajui kama kesho mwenye duka ni yeye.

Kisha akaja Jonathan Sowah, Januari 2025, katikati ya msimu, akafunga mabao 13 ya ligi kabla msimu haujaisha. Hapo kina dalali walishinda ubishi kwa kishindo. Mnaona? Namba tisa ni mabao! Timu ikamaliza ya nne na kufika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Yanga 2-0 pale Amaan, Zanzibar. Msimu ulipoisha Sowah akaenda Simba.

Sibishi mabao 13. Ninachobisha ni tafsiri yake. Mtu akifunga mabao 13 kwa nusu msimu, mabao hayo yalipitia miguu ya wengine kabla ya kumfikia. Tunapomsifu peke yake, tunajiandaa kumlaumu peke yake anayemfuata. Septemba ya mwaka huohuo Black Stars, bila Sowah, wakachukua Kombe la Kagame jijini Dar es Salaam kwa kuwafunga Al Hilal ya Sudan 2-1, na mabao yote mawili yakafungwa na Clatous Chama. Chama si mtu wa kurukia mipira ya kipa, na hakuna aliyewahi kumwita mlingoti. Sifa yake ya miaka mingi ni kufika mahali mpira utakapokuwa kabla wenzake hawajapafikiria. Kazi hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye lile tukio la kichwa.

Ubishi wetu huu, na hasira zake zote, uko pia kwenye mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama hata dakika tano: mpira wa miguu wa Australia, ule wa mpira wenye umbo la yai, unaochezwa na watu 18 kila upande kwenye uwanja wa duara refu, ambako wanaruhusiwa kushika kwa mikono na kukamatana miili. Bao lao lina pointi 6, na ukikosa kidogo kwa kupitisha pembeni mwa nguzo za kati unapewa 1. Kila robo inapoanza, na kila baada ya bao, mwamuzi anauinua mpira hewani katikati ya uwanja na watu wawili wanaurukia, mmoja kutoka kila timu. Mara nyingi hao ndio warefu kuliko wote. Max Gawn, aliyekuwa nahodha wa Melbourne walipochukua ubingwa mwaka 2021 baada ya kuusubiri tangu 1964, ana zaidi ya mita mbili. Mrukaji haruki ili ashike mpira. Anaruka ili aupige kiganja uende kwa mwenzake mfupi anayezunguka chini. Akiupiga ukaenda kwa adui, ameruka bure. Akiupiga pazuri lakini mwenzake amechelewa, ameruka bure pia, na hapo ndipo mashabiki wa Australia wanapogombana kama dalali na mwalimu.

Tofauti yao na sisi ni kwamba wao wanahesabu. Kuna hesabu ya mipira yote aliyoigusa mrukaji, na kuna hesabu ya pili, ya peke yake, ya ile iliyomfikia mwenzake katika nafasi nzuri. Vilevile wanahesabu ni mara ngapi washambuliaji wamewakamata wapinzani ndani ya mstari wa mita 50 wa eneo la kushambulia. Maana yake, juhudi za washambuliaji za kuwazuia adui wasitoke na mpira zina tarakimu yake, na gazeti la Jumapili linaichapisha. Shabiki wao anaweza kumtukana mtu, lakini anamtukana akiwa na karatasi mkononi.

Watu wa ukanda wetu wamo ndani ya mchezo huo. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, familia yake ikitoka Sudan Kusini. Akahamia Australia utotoni, akasajiliwa na Sydney, kisha akaenda Port Adelaide ambako mwaka 2021 alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima, akiwa beki. Mwenzake wa asili hiyohiyo, Mabior Chol, anacheza mbele na huingia kuruka katikati inapohitajika. Mtu wa aina hiyo anabeba lawama mbili kwa mpigo: asipofunga kalegea, asiposhinda mpira wa juu kalegea. Sitashangaa mtu wa Singida akihisi anamjua.

Ila mfano wenye funzo hasa kwetu ni Richmond, klabu ya jijini Melbourne. Walikaa miaka 37 bila ubingwa. Mwaka 2017 waliupata kwa kuwachapa Adelaide kwa tofauti ya pointi 48 kwenye fainali, na mbele walikuwa na mrefu mmoja tu wa kutegemewa, Jack Riewoldt. Waliomzunguka walikuwa wafupi, wepesi, wasumbufu. Kazi ya Riewoldt ilikuwa kuhakikisha beki hashiki mpira wa juu kwa raha: aushike yeye, au auangushe tu. Ukishaanguka chini, ni wa wale wafupi. Na adui akiuokota, walimrukia kabla hajainua kichwa. Katika mpango huo hakuna swali la "mrefu kapata au kakosa". Kuna swali moja: mpira ulipoanguka, walikuwepo wangapi wa kwetu?

Hapa nchini tunao mfano unaofanana na huo, tena mkubwa. Simba ya 2020/21 ilimaliza ligi John Bocco akiwa mfungaji bora kwa mabao 16, Chris Mugalu akiwa na 15 na Meddie Kagere 13. Washambuliaji watatu wa timu moja, wote juu ya kumi. Bocco, yule mrefu aliyeitwa Adebayor tangu enzi zake za Azam, amesikia maneno mengi ya majukwaani kuhusu wepesi wake. Lakini nyuma na pembeni yake walikuwa watu kama Chama na Luis Miquissone, watu wanaoishi kwenye mpira wa pili. Kichwa cha Bocco kilikuwa na pa kuangukia.

Kagere huyohuyo alikuwa ameshachukua kiatu cha mfungaji bora mara mbili mfululizo, 23 msimu wa 2018/19 na 22 uliofuata. Mwaka 2022 akaja Singida. Hakurudi tena kileleni mwa orodha ya wafungaji, na maneno yakaanza: kazeeka, kachoka, kaja kustaafia alizeti. Inawezekana miguu ilikuwa imepungua kasi. Umri haumwachi mtu. Lakini sikumbuki kumsikia hata mmoja akiuliza ni mipira mingapi ilimfikia akiwa anatazama goli, na ni mingapi ilimfikia akiwa amelipa goli mgongo, mabeki wawili wamemng'ang'ania na mwenzake wa karibu yuko umbali wa kuitwa kwa filimbi.

Upande wa kukaba nao una matatizo yake. Siku hizi kila shabiki amejifunza kwamba timu kubwa zinakabia juu, kwa hiyo na sisi tunataka mshambuliaji akabe. Vizuri. Tatizo ni aina ya kukaba tunayoishangilia. Beki wa kati wa wapinzani ana mpira. Namba tisa wetu anamkimbilia peke yake, mbio za kufa mtu, mita thelathini. Beki anampa kipa. Anamfuata kipa. Kipa anautoa pembeni. Namba tisa anasimama, mikono magotini, na jukwaa linampigia makofi: huyo ndiye mpiganaji! Hajapata chochote. Mabeki wamepasiana kwa utulivu kuliko mazoezini, kwa sababu waliobaki wetu tisa walikuwa watazamaji. Dakika mbili baadaye inapigwa krosi safi, namba tisa yuleyule anafika amechelewa nusu hatua, kifua kinawaka. Mji huu uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na hewa yake haimpi mtu pumzi ya mkopo. Makofi yanageuka matusi. Mimi naziita mbio za kutuliza jukwaa, na wachezaji wajanja wameshajua kwamba zinalipa kuliko kufikiri.

Uwanja wetu wa Namfua ulipewa jina la Liti, yule mama wa Kinyaturu ambaye masimulizi yanasema aliwakabili Wajerumani kwa nyuki mwanzoni mwa karne iliyopita. Sijui kama waliochagua jina hilo walikuwa wanawaza mbinu za soka, lakini hakuna maelezo bora ya kukabia juu: nyuki mmoja hamfukuzi mtu, unampunga kwa mkono ukaendelea na safari. Wanapokuja wote kwa wakati mmoja ndipo askari anatupa bunduki. Anayeanza anahitaji kujua kwamba waliobaki wamemfuata. Asipokuwa na uhakika huo, kubaki mahali pake akifunga njia ya pasi ni akili. Tusimwite mvivu.

Kwa watu wa Singida ingetakiwa kuwa rahisi kulielewa hili, maana juhudi tunazijua. Alphonce Simbu ni mtoto wa mkoa huu. Septemba 2025, mwezi uleule wa Kombe la Kagame, alishinda marathoni ya mashindano ya dunia kule Tokyo kwa tofauti ya sekunde 0.03 dhidi ya Amanal Petros wa Ujerumani. Wote wawili waliandikiwa saa 2:09:48. Alimpita mstarini. Kilomita arobaini na ushee, na dhahabu ikaamuliwa kwenye hatua za mwisho na mtu aliyekuwa bado amebakiza kitu. Mbona hatukumwuliza kwa nini hakukimbia kwa kasi ile tangu kilomita ya tano?

Kwenye netiboli, ambayo dada zetu wanaicheza katika karibu kila shule ya mkoa huu, mfungaji anayevaa GS haruhusiwi kuvuka theluthi yake ya uwanja. Sheria yenyewe imemfungia mbele. Sijawahi kumsikia mtu akimwita GS mvivu kwa sababu hakurudi kukaba. Tunamhukumu kwa kazi aliyopewa. Namba tisa wa soka hana mstari uliochorwa chini, hivyo kila mtu jukwaani anamchorea wa kwake, na mrefu anachorewa mrefu zaidi. Hasheem Thabeet analijua hilo kuliko sisi: mita 2.21, Mtanzania aliyechaguliwa wa pili na Memphis katika usajili wa vijana wa NBA mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Tangu siku hiyo kila mtu alimpima kwa urefu wake na nafasi aliyochaguliwa, na ni wachache waliowahi kutaja alipewa pasi ngapi.

Najua nitajibiwa kwamba wapo wavivu kweli. Wapo. Kuna mshambuliaji anayenyang'anywa mpira kisha anasimama kumlalamikia mwamuzi huku beki akimpita mbele ya macho yake. Kuna anayesubiri mpira umfikie mguuni kama barua ya posta. Huyo zomeeni, nami nitapiga mluzi. Lakini huyo mtamtambua kwa anachofanya sekunde tano baada ya mpira kupotea, na wala hahitaji kuwa mrefu.

Mkataba wa Azam Media na TFF uliotiwa saini mwaka 2021 una thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa miaka 10. Kamera zipo, marudio ya matukio yapo, wachambuzi wamevaa suti. Ombi langu kwao na kwa Bodi ya Ligi ni dogo: pamoja na mabao, kadi na mashuti, mtuonyeshe kila mechi mipira ya juu aliyoipata mshambuliaji ikamfikia mwenzake, na mipira iliyonyang'anywa kwenye theluthi ya mbele, kwa majina. Makocha wa timu za kata, kuanzia Kiomboi mpaka Manyoni, hawana haja ya kusubiri televisheni. Mpeni kijana mmoja aliye benchi daftari na kalamu, aandike kila mpira mrefu uliangukia wapi na nani wa kwetu alikuwa karibu. Baada ya mechi tatu, lileteni daftari hilo kijiweni kabla hatujamtoa mrefu.